Dokta, ripoti imeandikwa PVNS kwenye kifundo cha mguu, je ntakatwa mguu?

"Asalaam aleikum dokta. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 32, nauza viazi na vitunguu Kongowea na nakaa Likoni. Kifundo changu cha mguu wa kushoto kimevimba yapata mwaka na nusu sasa, mbele na upande wa nje. Kuna wiki kinapungua mpaka nasahau, kisha siku ya mzigo kinarudi, usiku kinauma na asubuhi kimekakamaa. Sikuanguka wala sikuteguka. Kwanza niliambiwa ni gauti, nikaacha nyama na maharagwe nikameza dawa, wapi. Wakanivuta maji kwa sindano yakatoka ya kahawia yenye damu, baada ya wiki mbili uvimbe huo umerudi. Eksrei wakasema iko sawa. Mamangu akanipeleka kwa mtu wa kuchua, na hijama pia nimefanya. Mwisho nikachanga pesa nikapiga MRI, ripoti imeandikwa PVNS na chini yake kuna neno tumor. Jirani yangu asema hiyo ni kansa na mguu utakatwa. Silali dokta. Ni kansa kweli? Lazima nipasuliwe? Nikipasuliwa itarudi? Na sokoni ntasimama vipi?"

Waaleikum salaam dada yangu. Naanza na hilo la kansa manake ndilo linalokunyima usingizi. PVNS, yaani ugonjwa wa utando wa ndani ya kiungo kunenepa na kuota vinundu, si kansa. Hausafiri kwenda mapafuni wala kwenye ini, hautakuua, na mguu haukatwi ati kwa sababu umeandikiwa herufi hizo nne. Hilo neno tumor wameliandika kwa sababu ni kitu kilichoota chenyewe mahali hapakutakiwa kuota kitu, na vitu kama hivyo kuna vibaya na kuna visivyo vibaya, huu wako uko kwa visivyo vibaya. Aina yake mbaya ipo, sitakuficha, lakini ni adimu mno hata ndani ya ugonjwa wenyewe ambao tayari ni adimu. Na ukienda hospitali nyingine ukaona wameandika TGCT usishtuke ukadhani umepata ugonjwa wa pili, ni huo huo.

Sasa hapo usije ukafurahi ukaitupa ripoti kabatini ukaendelea na dawa za maumivu kama diclofenac. Ugonjwa huu hauui mtu lakini ukiachiwa unakula kiungo polepole, unaanza na gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, kisha mfupa wenyewe, na gegedu likishakwisha hakuna daktari wa kulirudisha. Kwa hivyo jibu langu lote nalijenga hapo: usikimbie kwa hofu, lakini usikae nao miaka mingine miwili.

Hebu nikueleze kinachoendelea ndani ya hicho kifundo, manake ukielewa hapo maswali yako mengine yatajijibu. Kila kiungo kinachokunjika kina utando mwembamba kwa ndani, kazi yake ni kutoa yale majimaji yanayoteleza yanayofanya mifupa isisagane. Hata kano zinazopita pembeni ya kifundo zina mfuko wake wa kuzifunika wenye utando kama huo. Kwa mtu mwenye PVNS, seli chache tu za ule utando zimeharibika kwenye jeni inayoitwa CSF1, ambayo iko kwenye kromosomu namba 1, zikawa zatoa kwa wingi protini ambayo kazi yake ni kuita seli nyingine, zile za ulinzi zinazokula uchafu mwilini. Ni kama manamba wawili watatu pale stendi wanaopiga kelele mpaka watu wanajaa, ukifika utaona umati lakini waliouita ni wale wachache. Jambo hili watafiti waliligundua 2006, kwamba sehemu kubwa ya ule uvimbe si seli zenye kasoro, ni wageni walioitwa. Likumbuke hili kwa sababu dawa mpya ntakazozitaja huko chini zimetengenezwa kwa kuziba masikio ya hao walioitwa.

Basi utando ukishajaa hivyo unanenepa, unaota vinyweleo na vinundu vilivyojaa mishipa midogo midogo ya damu. Ukikanyaga vinabanwa katikati ya mifupa, vinavuja damu. Damu ikichakaa inaacha chuma chake ndani ya utando na kile chuma ndicho kinachougeuza kahawia, ndiyo maana maji uliyovutwa yalikuwa na rangi ile. Ndiyo maana pia siku ya mzigo kinavimba na siku ya kupumzika kinashuka, si kwamba kinapona kisha kinaugua upya, kiko pale pale tu ila siku ya kazi kinabanwa zaidi na kuvuja zaidi. Na kile chuma ndicho MRI inachokiona, manake sehemu yenye chuma hutoka nyeusi kwenye picha karibu zote, msomaji wa picha akiona weusi ule kwenye utando ulionenepa anajua aandike nini.

Kwa hivyo haukuletwa na viatu, wala chakula, wala kusimama sokoni, wala mtu hakukufanyia kitu. Ile kasoro ya jeni imetokea ndani ya utando wa hicho kifundo peke yake, haimo kwenye mwili mzima, kwa hivyo watoto wako hukuwarithisha na hawaambukizwi. Mamako pia mwambie hivyo kama ameanza kutafuta sababu nyumbani.

Kuhusu gauti. Najua una uchungu na aliyekuambia ni gauti lakini kwa haki, ugonjwa huu wengi wetu tunausoma kitabuni na kuuona mara chache. Watafiti wa Uholanzi 2017 walipiga hesabu wakapata karibu watu 4 kwa kila milioni kwa mwaka wanaopata ile aina iliyoenea kiungo kizima, na karibu 10 kwa milioni ile ya kinundu kimoja ukiacha vidole. Kaunti yetu ya Mombasa kwenye sensa ya 2019 ilikuwa na watu milioni 1.2, kwa hivyo hata tukichukulia hapa ni sawa na kule, ni watu kama watano kwa mwaka mzima wa ile iliyoenea, na wengi wao itakuwa kwenye goti si kwenye kifundo. Gauti nayo tunaiona kila wiki. Lakini kuna alama zilikuwa zasema si gauti, na nakuandikia ili na wengine wasome. Gauti huja ghafla, mtu alala mzima aamka usiku hawezi hata shuka liguse mguu, na ndani ya siku kadhaa mpaka wiki mbili hivi inatulia yenyewe. Haikai imevimba mwaka na nusu bila hata kuwa nyekundu. Tena mwanamke wa miaka 32 ambaye bado anaona siku zake si kawaida apate gauti, homoni za kike zinasaidia figo kutoa asidi ya yuriki, ile inayoleta gauti, labda awe na shida ya figo au anameza dawa fulani za presha. Na maji ya gauti ukiyaangalia kwa darubini utaona fuwele. Rudi kwa nyama yako na maharagwe yako dada, hayana kosa, ila kama kuna shida nyingine uliyokatazwa kwayo.

Eksrei kuwa sawa nako kusikuchanganye, eksrei inaona mfupa, utando haiuoni. Mwanzoni mwa PVNS ni kawaida kabisa itoke safi. Ikianza kuonyesha mashimo kwenye mifupa ya pande mbili za kiungo ndio ujue ugonjwa umekaa, na kifundo ni kiungo kilichobana, hakina nafasi kama goti, kwa hivyo ule utando ukinenepa hauna pa kwenda ila kuusukuma mfupa. Hapo ndipo hofu yangu ya kusubiri inapotoka.

Kuchuliwa: hakukuleta ugonjwa lakini acha leo. Nshakueleza vile vinyweleo vimejaa damu, mtu akikukandamiza kwa dole gumba na mafuta anavivujisha zaidi, siku mbili unajihisi mwepesi kisha kinafura. Hijama inafanya kazi juu ya ngozi, ndani ya kiungo haifiki, na zile chale zikiwa mbichi mahali ambapo daktari anataka kupasua itabidi asubiri zipone manake vidonda ni mlango wa vijidudu. Kama wewe unaiamini hijama kwa mambo mengine sikuzuii, ila mguu huo uache. Na hizo dawa za maumivu za famasi, ukimeza kila siku miezi na miezi zinachoma tumbo, zinapandisha presha na kuumiza figo, na ugonjwa hazigusi hata kidogo. Meza siku mbaya tu, baada ya kula, na mwambie daktari umekuwa ukimeza kwa muda gani.

Sasa hapa nataka unisikize vizuri. MRI ni nzuri lakini si hukumu. Kabla mtu hajakwambia kwa uhakika ni PVNS lazima kipande cha ule utando kipimwe maabara chini ya darubini. Nasema hivi kwa sababu mbili. Kwanza TB ya kiungo. Kwetu ipo, inaweza kuvimbisha kifundo taratibu bila moto mwingi miezi na miezi, na matibabu yake ni vidonge vya mwaka mzima, si kisu. Sampuli hiyo hiyo ikitolewa igawanywe, nusu ipimwe TB. Ya pili ni saratani moja inayopenda vijana na watu wa umri wako na inayopenda kuota karibu na viungo vya mguu, inaitwa sinovia sakoma. Inakua polepole, saa zingine miaka, mpaka mtu aidhani ni kijivimbe cha kawaida. Sikwambii unayo, picha yako inaelekea kwingine kabisa na yale maji ya kahawia pia. Lakini nimekasirishwa sana na tabia ya kukata kinundu cha mguuni kwa haraka kwenye chumba kidogo cha kliniki bila picha, kisha kile kilichokatwa kinatupwa kwenye pipa. Yeyote anayesoma hapa, kama una uvimbe mguuni unaoendelea kukua, usikubali ukatwe bila kupigwa picha kwanza, na usikubali kilichotolewa kisipelekwe maabara, hata ikiwa ni gharama ya ziada.

Kupasuliwa je, ni lazima? Inategemea wako ni upi kati ya aina mbili, na swali hili ndilo la kwanza kumuuliza daktari wako, bora ripoti uisome naye. Kuna ule ulio kinundu kimoja mahali pamoja, na kuna ule ulioenea utando mzima. Wa kinundu kimoja jibu ni rahisi, unatolewa, na wengi wao hapo ndio mwisho wa hadithi. Ulioenea ndio wenye kazi. Ulivyoeleza wewe, mbele na upande wa nje, na maji kujaa tena, mimi nashuku ni ulioenea au angalau umeshaanza kufuata kano za upande wa nje, lakini hilo picha ndiyo itasema, si mimi niliyesoma barua.

Operesheni yenyewe ni kuutoa ule utando wote mgonjwa, mpaka kwenye pembe. Pengine kwa kamera kupitia matundu madogo, pengine kwa kufungua, na kwa kifundo mara nyingi inabidi kufungua mbele na nyuma kwa sababu kiungo kina vyumba pande zote mbili na kamera ya mbele haifiki nyuma vizuri. Kuna mishipa ya fahamu na ya damu imepita hapo karibu karibu, kwa hivyo daktari anatakiwa awe mtu aliyezoea mguu na kifundo, usione haya kumuuliza ameshafanya ngapi za kifundo, daktari mzuri hakasiriki. Nyuzi hutolewa baada ya wiki mbili hivi, magongo utayatumia kwa muda, kisha fiziotherapia ambayo tafadhali usiikate katikati, manake kiungo kilichopasuliwa kisipochezeshwa kinagandamana na utajuta. Hatari zake ni kukakamaa, ganzi juu ya unyayo, vijidudu, na damu kuganda kwenye shavu la mguu. Hizi nakuambia si kukutisha, nataka ukisaini ile karatasi uwe umezijua.

Kurudi, ndiyo, unaweza kurudi, na nisingekuwa mkweli nikikwambia hapana. Kinundu kimoja kikitolewa kizima hurudi kwa wachache. Ulioenea unarudi kwa wengi zaidi, tafiti zinatofautiana sana na zingine zinafika nusu ya wagonjwa, tena unaweza kurudi hata baada ya miaka. Sababu ndiyo ile niliyokueleza, zikibaki seli chache tu kwenye pembe zitaanza kuita tena. Ndiyo maana baada ya operesheni utaambiwa urudie MRI, usiione ni kupoteza pesa, ukirudi na ukakamatwa ungali mdogo kazi yake ni ndogo.

Njia nyingine zipo, nizitaje upesi. Mionzi hutumika kwa ule unaorudi rudi, lakini kwa mtu wa umri wako mimi siipendi kuwa ya kwanza, mionzi nayo ina hatari yake ndogo ya kuleta kansa miaka ya mbele na inakakamaza kiungo. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo inatuliza kwa muda, haitibu. Kisha kuna vidonge, hivi vinavyozuia ule mwito wa CSF1. Pexidartinib ilikubaliwa Marekani Agosti 2019 kwa wale ambao operesheni haitawasaidia, kwenye utafiti wake uvimbe ulipungua vya kutosha kwa kama watu 39 kati ya 100 baada ya wiki 25 na kwa waliopewa kidonge kitupu hakuna hata mmoja, lakini inaweza kuharibu ini vibaya, na Ulaya 2020 waliikataa. Februari 2025 Marekani wakakubali nyingine, vimseltinib, nayo matokeo yake ni karibu na hayo. Ni habari njema kwa watu wenye ugonjwa mgumu ila si dawa za kuingia famasi ukanunua, bei yake ni kubwa mno, na mwanamke mjamzito au anayetaka kushika mimba hazimfai. Mtu akikwambia anazo kwenye mkoba akuuzie, ondoka. Kukaa na kuangalia tu kwa MRI nako ni njia halali, kwa mtu ambaye haumwi na kiungo hakijaanza kuliwa. Wewe unaumwa usiku, umekakamaa asubuhi na kazi yako ni ya miguu, kwa hivyo hiyo siioni kuwa yako.

Kama ungekuwa dadangu wa tumbo moja ningekwambia hivi. Beba ile CD ya MRI yenyewe, si karatasi ya ripoti peke yake, beba na eksrei ya zamani, uende kwa daktari wa mifupa kwenye hospitali ya rufaa, hapa Mombasa tunayo Coast General, na akiona kifundo chako kinahitaji mkono ambao hapa haupo atakuandikia Nairobi, hata hilo si janga, unapanda treni Miritini asubuhi jioni ushafika. Muulize ni kinundu ama umeenea, mifupa imeanza kuliwa ama bado, na nani atapima sampuli. SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, hakikisha michango iko sawa kabla ya kupangiwa tarehe, na uliza wazi wanalipa nini na wewe unabaki na nini, watu wengi wanagundua wamepungukiwa siku ya kulazwa. Huna haja ya kupasuliwa wiki hii. Una miezi ya kujipanga, kutafuta pesa na wa kukuangalia watoto, lakini isizidi miezi.

Ila kuna mambo ukiyaona usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo: mguu kuwa wa moto na mwekundu pamoja na homa, kushindwa kabisa kukanyaga, vidole kuwa baridi au kubadilika rangi au kufa ganzi, uvimbe kukua haraka ndani ya wiki chache. Ukianza kukonda na kutoka jasho la usiku pia usikae. Na baada ya operesheni ukiona shavu la mguu limevimba linauma au kifua kinabana, hapo ni mbio, usiulize mtu.

La sokoni. Mpaka ufanyiwe, kusimama hakuongezi ugonjwa wenyewe ila kunaongeza kuvuja na maumivu, kwa hivyo tafuta kigoda uuze umekaa, magunia wabebe vijana, usiku weka mguu juu ya mto na barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15 hivi. Viatu vya kufunga vyenye soli ngumu ni bora kuliko ndara, hasa ile mteremko wa ferry na ule msukumano, ukiweza ngoja zamu ya watu wachache. Baada ya operesheni ya kufungua pande mbili panga na mtu akushikie meza wiki sita mpaka miezi mitatu kutegemea mguu wako unavyorudi, wengine huanza kukaa dukani mapema lakini kubeba na kusimama kutwa kunachukua muda zaidi. Na huyo jirani yako mwonyeshe hii asome mwenyewe.